Mtoto wa Kwanza wa Mwalimu

Mwaka ule kamati ya shule iliponijia kuniomba niandike maisha ya mwalimu wao wa kwanza, watu wa kwetu walikuwa hawatoki nyumbani bila kipande, kile kitambulisho cha serikali, hata wakienda dukani kununua chumvi. Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Vurugu za kuwafukuza watu wa bara zilikuwa zimetulia, hofu ilikuwa bado haijatulia. Ukunda kulikuwa na vibanda vilivyobaki nguzo nyeusi tupu. Majirani zetu wa bara walikuwa wameondoka na magodoro vichwani, wengine bila kufunga milango. Katika hoteli za Diani maji ya mabwawa ya kuogelea yaligeuka kijani kwa kukosa waogaji. Na katika barabara ya kwenda Msambweni kulikuwa na kizuizi cha askari. Mwanamume asiye na kipande alishushwa, akaketishwa chini kwenye mchanga, mikono kichwani, na wapo waliochukuliwa pale wakakaa wiki nyingi watu wao hawajui waliko.

Nami nilikuwa nimestaafu ukarani Kwale. Nilisoma hadi kidato cha nne, na kijijini hilo lilitosha kunifanya mwandishi wa kila kitu: barua za kuomba kazi, mikataba ya shamba, malalamiko kwa wakubwa. Kamati ilikuwa ikiongozwa na naibu wa chifu. Walikuwa wamejenga madarasa mapya mawili, wakataka siku ya kuyafungua pasomwe wasifu wa marehemu mwalimu, kisha uchapishwe uwe kijitabu, watoto wajue nani alianzisha shule yao. Naibu wa chifu akanambia, "Wewe ndiye mwenye kujua mambo ya maandishi. Tusije tukasoma uongo mbele ya wakubwa."

Maneno hayo yaliniingia kichwani. Nilimwambia kwamba mimi siandiki nisichokiona kwenye karatasi. Nilikuwa nikiyasema hayo tangu ujana wangu ofisini, na nilikuwa nikijisikia vizuri kila nilipoyasema.

Nilianza kwa mjane wa mwalimu. Nilimkuta nyuma ya nyumba amekaa juu ya kigogo anashona makuti, fito mapajani, majani ya mnazi yamemzunguka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua mikono kwenye kazi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mzee sana, na macho yake yalikuwa yameanza ukungu, lakini vidole vilikuwa vikiona. Nikatoa daftari langu, nikamwuliza alizaliwa wapi mwalimu, alisoma wapi, alimwoa lini. Alijibu kwa kuhesabu mavuno na njaa, na mimi nikaandika pembeni "kuhakikisha".

Nilipomwuliza kuhusu watoto alisema, "Nimezaa watano na mwalimu. Wa kwanza ni huyo aliye juu ya jiko."

Nikatazama juu. Mwanawe mkubwa alikuwa amekaa kwenye paa la jiko akibadilisha makuti yaliyooza. Alikuwa fundi wa makuti, mtu wa miaka arobaini na kitu. Nusu ya mapaa ya hoteli za Diani yalipita mikononi mwake, na sasa hoteli hazina wageni alikuwa amerudi kwa mama yake kuziba mapaa ya majirani.

"Mzee, andika na hili," aliniambia kutoka kule juu. "Andika kwamba sura nzuri ya mwalimu niliirithi mimi peke yangu. Wale wanne wengine wamechukua miguu tu."

Mama yake akacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikamwuliza kama mtoto huyo wa kwanza ana hati ya kuzaliwa.

"Nilimzaa kwa mama yangu, mkunga ni shangazi," akasema. "Hati angeniandikia nani, mwanangu? Mbuzi?"

Nikaandika: wa kwanza, hana hati. Sikumwuliza jambo jingine. Nililiona jibu lile kuwa pengo, na pengo kwa karani ni kitu cha kuzibwa kwa karatasi. Kumbe mwenye kuliziba alikuwa ameketi mbele yangu na fito mapajani.

Mwalimu mkuu wa sasa alinifungulia sanduku la bati lenye madaftari ya zamani ya shule. Mchwa walikuwa wamekula pembe, lakini katikati kulikuwa kuzima. Kila mtoto alikuwa na mstari wake: jina, jina la mzazi, kijiji, siku ya kuingia. Wale wadogo wanne niliwaona wote, na kila mmoja jina la mzazi ni la mwalimu. Yule wa kwanza nilimkuta kurasa nyingi nyuma. Jina lake lilikuwa lake. Jina la mzazi lilikuwa la mtu mwingine kabisa.

Nililisoma mara tatu. Lilikuwa jina la mwanamume nisiyemjua.

Kesho yake nilikwenda Kwale. Katika ofisi niliyokuwa nikifanya kazi, aliyekuwa mdogo wangu wa kazi ndiye aliyekuwa sasa na funguo za chumba cha kumbukumbu. Sheria ilitaka barua. Yeye aliniingiza saa ya chakula cha mchana, wenzake wakiwa wametoka, akanambia, "Dakika kumi, mkubwa, usinitie matatani." Nilijua kabati gani na safu gani. Fomu ya kwanza ya kipande cha yule fundi niliipata haraka kuliko nilivyotaraji. Jina la baba lilikuwa ni lile lile la kwenye daftari la shule.

Na mwandiko ulikuwa wangu.

Zamani hizo, nikiwa kijana, tulikuwa tukizunguka vijijini na meza moja, kidau cha wino na mfuko wa fomu, tukiandikisha watu wazima chini ya kibanda cha chifu. Foleni ilikuwa ndefu. Aliyekuwa na cheti cha shule tulikichukua, tukanakili yaliyomo, tukamwambia atie vidole kwenye wino. Hatukuwa na nafasi ya kuwauliza watu maisha yao. Lakini siku ile, nimesimama katika chumba kile cha vumbi, sikuyakumbuka hayo. Nilichokiona ni kwamba karatasi mbili zimekubaliana, na moja nimeiandika mwenyewe. Niliiamini zaidi kwa sababu mwandiko ni wangu. Sikujiuliza karatasi ya pili ilipata wapi habari zake. Ile ya pili ilikuwa mtoto wa ile ya kwanza. Kama ya kwanza ilikosea, ya pili ilikuwa imerithi kosa. Karani mwenye miaka thelathini kazini alipaswa kulijua hilo kabla ya kufunga kabati.

Njiani kurudi nilikwisha kujitungia hadithi. Nilidhani mjane alizaa kabla ya kuolewa, na kwamba mwalimu, kwa wema wake, alimlea mtoto wa mtu. Nilijiona mtu mwenye busara kwa kutomrudia yule mama na kumwaibisha. Nikaandika, kwa maneno niliyoyachagua kwa uangalifu: "Mwalimu alijaliwa watoto wanne. Mtoto wa kwanza wa mjane wake, kwa mujibu wa kumbukumbu za serikali, ni wa baba mwingine." Nikaambatisha ukurasa wa ushahidi, nambari ya mstari wa daftari na nambari ya fomu, jinsi nilivyofundishwa. Nikampelekea naibu wa chifu ausome kwanza.

Zikapita siku nane au tisa. Alasiri moja yule fundi alikuja kwangu. Hakufanya mzaha. Alikaa kwenye ukingo wa baraza, akakataa chai.

"Mzee, mimi na wewe tumekoseana?"

Nikamwambia hatujakoseana.

"Basi mbona umeninyang'anya baba?"

Alinieleza bila kupandisha sauti. Kipande chake kilikuwa kimeungua katika chumba alichokuwa amepanga Ukunda. Ili apate kingine alihitaji barua kutoka kwa naibu wa chifu. Alikuwa amekwenda, ameulizwa jina la baba, na yeye akamtaja mwalimu, maana aliyekuwa akiuliza alimjua tangu utotoni na alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la mwalimu. Naibu wa chifu akafungua mtoto wa meza akatoa karatasi zangu.

"Akanambia, karani amekwenda mpaka Kwale, ameona kwa macho yake. Akanambia nina baba wawili, na mwaka huu watu wenye baba wawili ndio wanaotafutwa. Barua hakunipa."

"Lakini jina lililo kwenye fomu," nikasema, "ni la nani?"

Alinitazama kama anayemtazama mtoto. "Ni mjomba wangu. Ndugu wa mama, ziwa moja, baba mbalimbali. Wewe si wa hapa, mzee? Hujui mjomba ni nani?"

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mimi ni mtu wa hapa, na kwetu zamani mtoto wa dada alikuwa wa mjomba: mjomba ndiye aliyemlea, ndiye aliyemwoza, na shamba la mjomba lilimwendea yeye. Nilisikia kesi ngapi za wapwa na watoto nikiwa ofisini. Mwalimu wakati huo, baada ya kuianzisha shule, alikuwa amehamishiwa mbali, upande wa Taru, akirudi likizo tu, na mtoto alikuwa akikaa kwa mjomba. Asubuhi ya kwanza ya shule mjomba alimshika mkono, akaulizwa mtoto ni wa nani, akasema ni wangu. Mwandishi wa daftari akaandika. Miaka kumi na kitu baadaye nikanakili mimi. Laiti ningalirudi kwa yule mama na swali moja tu, huyu mtu ni nani, angalinijibu bila kuacha kushona.

Nilimwomba radhi. Nilimwambia kesho asubuhi ningekwenda kwa naibu wa chifu nimalize jambo. Akasema, "Fanya haraka, mzee. Watoto wanakula kwa mikono hii, na kazi ziko ng'ambo ya kizuizi."

Nilikwenda kweli. Naibu wa chifu alinisikiliza mpaka mwisho, huku akijipepea kwa faili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa, kama sisi sote. Kila barua aliyoiandika ilikuwa na jina lake chini. Akasukuma karatasi tupu mbele yangu. "Basi andika hapa," akasema. "Andika kwamba fomu ya serikali ina uongo, na aliyeuandika ni wewe. Utie sahihi. Mimi nitaiambatisha na barua yake."

Nikaichukua kalamu. Nikaona jinsi ambavyo ningeulizwa: uliionaje fomu hiyo, nani alikufungulia kabati? Nikamwona yule mdogo wangu wa kazi na funguo zake na watoto wake wadogo. Nikaona pensheni yangu. Nikajiona mimi mwenyewe nimekaa kwenye mchanga, mikono kichwani. Nikamwambia naibu wa chifu kwamba jambo hili lataka maneno ya kisheria, nitaliandika nyumbani kwa utulivu. Akarudisha ile karatasi tupu mezani kwake. Nadhani alijua.

Siku ya kwanza nilijiambia natafuta maneno. Siku ya pili niliandika mistari miwili nikaichana. Mke wangu aliniuliza mbona sili. Kila nilipokuwa nikisikia gari likipunguza mwendo barabarani, nilisimama na kusikiliza kama litaingia kwetu, na lilipopita nilishukuru, kisha nikakumbuka kwamba yuko mtu mwingine anayelisikiliza gari lile lile akiwa hana hata kipande, na kwamba hana kwa sababu yangu. Hata hivyo sikwenda. Siku ya tatu nayo ikaisha hivyo.

Asubuhi ya nne mwenye nyumba mmoja wa Diani alimwita fundi akatazame paa lililokuwa likivuja. Alikwenda. Alijaribu kupita kizuizi kwa njia ya mashambani, na hilo likamzidishia ubaya, maana askari walimwona akitokea vichakani na panga lake la kukatia fito, wakamkamata.

Mama yake alikuja kwangu adhuhuri hiyo. Alikuwa ametembea peke yake, akiongozwa na mjukuu wa kike kwa ncha ya leso. Nilidhani angelia au angenilaani. Alisimama mlangoni, akanisalimu vizuri, akauliza hali ya mke wangu.

Kisha akasema, "Mwanangu, nasikia uliniandika nimezaa nje."

Nikainuka nimpe kiti.

"Hilo tutaliongea siku nyingine. Sasa vaa viatu, twende ukaseme."

Nilivaa. Kamba za viatu zikanishinda, nikaziacha zikining'inia. Kituoni kulikuwa na wanaume wapatao ishirini wamekaa uani, juani, na mmoja wao alikuwa ni fundi. Mdomo wake ulikuwa umevimba. Alituona, akainamisha kichwa haraka, kama anayetuogopea.

Afisa aliyetupokea alikuwa kijana wa bara, amechoka, macho mekundu. Nilianza kumweleza kwa maneno marefu ya ofisini, kwa mujibu wa hili na kwa kuzingatia lile. Akanikatiza.

"Mzee, wacha kunizungusha. Huyu mtu baba yake ni nani?"

"Ni marehemu mwalimu."

"Na huyu mwingine mwenye yuko kwa file?"

Kabla sijajibu, yule mama akasema, "Huyo ni ndugu yangu. Tumenyonya ziwa moja. Alimpeleka mwanangu shule, akaulizwa mtoto ni wa nani, akasema ni wake. Kwetu hakusema uongo."

Afisa akamtazama, kisha akanigeukia mimi. "Na ni nani aliandika kwa serikali kitu kama hiyo?"

Nakumbuka saa ya ukutani ilikuwa imesimama. Nakumbuka jasho likinitiririka nyuma ya masikio. Nilikuwa bado naweza kusema sijui. Fomu haikuwa na jina langu, ila sahihi fupi ya herufi mbili ambayo hakuna aliyeijua tena.

"Mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi, afande. Nilikuwa karani. Nilinakili cheti cha shule bila kumwuliza."

Hakuniuliza nilivyoiona fomu juzi. Alidhani nazungumza kwa kumbukumbu ya zamani, na nikamwacha adhani hivyo. Alinipa karatasi akaniamuru niandike jina la fundi, jina la mjomba na jina la kijiji, mara tatu kila moja, ili uletwe mwandiko wa Kwale ulinganishwe. Kisha akaniambia nikangoje nje. Nilipouliza nje wapi, akanionyesha uani, pamoja na wale wengine. Nikakaa mchangani. Nilipata nafasi, mtu mmoja kati yangu na fundi, lakini hatukuzungumza, ilikuwa imekatazwa. Mara moja tu alinong'ona, midomo haisogei, "Kamba za viatu, mzee. Zifunge, utaanguka." Nikazifunga.

Jioni mimi niliruhusiwa kwenda. Yeye hakuruhusiwa. Siku tano kamili mama yake alikuwa akija kwangu asubuhi, tunakwenda kituoni, tunakaa nje ya ua, tunarudi. Niliogopa kila mara kwamba leo tutaambiwa amehamishwa, hatujui wapi. Siku ya sita fomu ilikuja kutoka Kwale. Afisa akailaza kando ya karatasi yangu, akavuta mdomo, akasema miandiko ni ya mtu mmoja, ila sasa ni ya mzee. Akamtoa fundi, akampa na karatasi ya kuonyesha kwenye kizuizi. Alipokuwa akituaga alisema, "Sitaki kuona baba wawili tena. Chagueni mmoja, mkae naye."

Fundi alimchagua mjomba. Kubadilisha fomu ya zamani kulitaka kiapo mbele ya hakimu, na safari, na maswali, na haukuwa mwaka wa mtu kujitokeza mbele ya watu wa kuuliza maswali. Naibu wa chifu alimwandikia barua kwa jina lile lile lililo kwenye faili, naye akawekewa vidole upya na kupewa karatasi ya kungojea kipande.

Alikuja nayo kwangu kunionyesha. Alikuwa ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni. Nikamwambia kwamba sasa, angalau, katika wasifu nitaandika kweli: watoto watano, na yeye wa kwanza. Nilitaka sana kuliandika. Nilikuwa nimeshaandaa sentensi yenyewe.

Alitikisa kichwa. "Kijitabu kitasomwa mbele ya nani?"

"Wakubwa wa wilaya. Wazazi. Watu wote."

"Na askari?"

"Watakuwapo."

"Basi andika wanne," akasema. "Usiandike wa tano, wala usiandike kwamba yuko wa tano. Niache nje kabisa, mzee. Mimi baba yangu namjua."

Nilimwuliza kuhusu mama yake. Akasema atamwambia yeye mwenyewe.

Nakiri kwamba alipoondoka nilipumua. Nilipaswa kuhuzunika, na huzuni ilikuja, lakini kilichotangulia ni kupumua, kwa sababu jina lake likiwa nje, langu pia halingeulizwa tena. Nilitoa ile sentensi ya baba mwingine nikaichoma. Nikaacha: "Mwalimu alijaliwa watoto wanne." Maneno manne yasiyoweza kumtia mtu matatani, kila moja lina karatasi yake.

Siku ya kufungua madarasa palifungwa turubai uwanjani. Wakubwa walikaa mbele kwenye viti vya kukodi, na nyuma yao askari wawili wamesimama na bunduki, macho kwa watu. Wanawake walikuwa upande mmoja, na mjane wa mwalimu safu ya kwanza, amevaa leso mpya. Wanaume upande wa pili. Fundi nilimwona nyuma kabisa, ameegemea nguzo. Baada ya dua niliitwa kwenye kipaza sauti.

Nilisoma kuzaliwa kwake mwalimu, kusoma kwake, miaka yake ya ualimu. Sauti yangu ilikuwa ikinirudia kutoka ukuta wa darasa jipya kama ya mtu mwingine. Nikafika kwenye ndoa. Nikasoma kwamba alijaliwa watoto wanne.

"Watano, mwanangu," akasema yule mama.

Hakusema kwa ukali. Alinisahihisha kama mtu anavyomsahihisha mjukuu anayekosea hesabu, akaniinulia mkono, vidole vitano vimetanuka. Hakuwa ameambiwa. Mwanawe hakupata moyo wa kumwambia, au alidhani macho yake na masikio yake yamechoka hata hatasikia.

Naibu wa chifu akatazama viatu vyake. Mmoja wa wakubwa alimwinamia mwenzake akauliza jambo, na askari aliye nyuma yao akageuza kichwa kuona ni nani aliyesema. Nikamtafuta fundi. Alikuwa ameachana na nguzo, amesimama wima, ananitazama, na kichwa chake kinakataa, kidogo kidogo, kushoto na kulia.

Mkono wa mama yake ulikuwa bado uko juu. Kipaza sauti kilikuwa kinanguruma mbele ya mdomo wangu.

"Wanne," nikarudia.

Ule mkono ukabaki hewani kitambo. Kisha mama akageuka polepole upande wa wanaume, akayakaza yale macho yake yenye ukungu, na sijui kama alimwona mwanawe au hakumwona. Akaushusha mkono, akauficha ndani ya leso. Nami nikafunua ukurasa, nikaendelea kusoma habari za ujenzi wa darasa la kwanza, mawe yalitoka wapi na nani aliyatoa.